Mkono Unaofumbuka: Nguvu ya Mshiko na Kazi ya Kiganja Baada ya Kiharusi



Nyumba nyingi zenye mgonjwa wa kiharusi zina mpira mdogo. Mgonjwa ameambiwa aubane asubuhi na jioni, naye anaubana kwa bidii. Wiki zinapita, ngumi inazidi kukaza, jamaa wanashukuru. Kisha anapewa kikombe cha chai: anakishika, lakini hawezi kukiachia. Mhadhara wangu unahusu kuachia huko.

Mwaka 1951 daktari Thomas Twitchell alichapisha uchunguzi wa wagonjwa 121 waliopooza upande mmoja wa mwili, akieleza mpangilio wa kurudi kwa miondoko yao. Kwa kawaida bega lilitangulia kiganja, na kukunja vidole kulitangulia kuvinyoosha. Wengine walifika kwenye kufumbata wakakwama hapo. Kila anayefanya kazi wodini ameuona mkono wa namna hiyo: umekunjwa kifuani, kidole gumba kimefichwa ndani ya vidole vingine.

Sababu iko kwenye njia zinazopeleka amri kutoka ubongoni hadi mkononi. Kubwa kati ya hizo hutoka kwenye gamba la ubongo na kushuka hadi uti wa mgongo. Hiyo ndiyo inayokiwezesha kidole kimoja kutembea bila kuwavuta wenzake, na ndiyo ambayo kiharusi huikata mara nyingi. Njia nyingine, ya kale zaidi, huanzia kwenye shina la ubongo. Mwaka 1968 Lawrence na Kuypers walionyesha kwamba nyani waliokatwa njia ile ya kwanza walipona kiasi cha kupanda na kushika, lakini hawakuweza tena kutumia kidole kimoja kimoja. Mwaka 2012 watafiti wa Uingereza waligundua jambo linalonigusa zaidi: baada ya jeraha kama hilo, njia ya kale huongeza nguvu kwenye misuli ya kigasha inayokunja vidole, lakini haifanyi hivyo kwa ile inayovinyoosha. Kwa maneno mengine, mwili wenyewe huukarabati mshiko na kukuacha kufumbuka kwa kiganja bila msaada. Anayebana mpira tu anafundisha upande ambao tayari una mwalimu.

Msinielewe vibaya. Mazoezi ya nguvu hayaleti ukakamavu wa misuli kama wengi wanavyohofu. Tafiti zilizokusanywa pamoja hazikuliunga mkono wazo hilo. Mpira haudhuru. Ubaya wake ni kwamba unakula muda na matumaini ya mgonjwa, naye anaona amekwisha fanya zoezi la mkono.

Wala sidharau kupima mshiko. Sunderland na wenzake walionyesha mwaka 1989 kwamba nguvu ya mshiko ni kipimo chepesi cha kufuatilia maendeleo ya mkono baada ya kiharusi. Kifaa chake ni kidogo. Mgonjwa anakaa, kiwiko kikiwa kimekunjwa nyuzi 90 ubavuni, anabana mara tatu, na wastani unaandikwa. Ninachoomba ni kwamba kando ya kilo za mshiko tuandike pia kama vidole vinanyooka.

Kwa hili hatuhitaji mashine. Watafiti wa Uholanzi waliochapisha kazi yao mwaka 2010 waliwapima wagonjwa 188 ndani ya saa 72 za kiharusi. Waliangalia mambo mawili: je, mgonjwa anaweza kunyoosha vidole hata kidogo, na je, anaweza kuuinua mkono kutoka ubavuni? Aliyeweza yote mawili alikuwa na uwezekano wa asilimia 98 wa kupata ustadi fulani wa mkono baada ya miezi sita. Asiyeweza lolote alikuwa na asilimia 25. Daktari kijana aliye zamu usiku, katika hospitali ya wilaya isiyo na mashine ya kupiga picha za ubongo, anaweza kufanya kipimo hiki kando ya kitanda. Akumbuke tu kwamba asilimia 25 ni mtu mmoja kati ya wanne, kwa hiyo asije akatangaza kuwa mkono umekufa.

Tuutazame sasa mkono mezani. Mtu anapomega ugali, kiganja hufumbuka kabla hakijaugusa, kikikadiria ukubwa wa tonge. Ncha za vidole zinamega, kiganja kinaviringisha, kidole gumba kinabonyeza kishimo cha kuchotea mchuzi. Kigasha kinageuka kuelekea kinywani, na hapo vidole vinaachia. Nguvu inayotumika ni ndogo sana. Kwetu mkono wa kulia ndio wa kulia chakula na wa kusalimia, na wa kushoto una kazi zake za faragha. Kiharusi kikipiga upande wa kushoto wa ubongo, mzee aliyekuwa akila sinia moja na wajukuu anaomba chakula chake kipelekwe chumbani. Napinga kwa nguvu zangu zote tabia ya kumwambia mgonjwa wa wiki ya kwanza ajizoeze tu mkono mwingine. Huko ni kumnyang'anya mkono ambao hatujaujaribu bado.

Vipimo vinavyotumika duniani vina vijiti vya kuchomeka kwenye matundu na vibao vya kuhamisha kutoka upande mmoja wa sanduku hadi mwingine. Ni vizuri, tuendelee navyo. Lakini kukuna nazi, kufunga kanga, kuchota maji kwa kata na kufunga kifungo cha shati ni kazi zinazostahili kupimwa na kuandikwa. Kwa mgonjwa Mwislamu, kuinua kidole cha shahada huku vingine vikibaki vimekunjwa ni jaribio la hali ya juu la ile njia ya kwanza niliyoitaja, na atalirudia katika kila sala, bila kusukumwa na mtu.

Marudio ndiyo kiini. Watafiti waliohesabu miondoko katika vikao vya tiba Marekani na Kanada, wakachapisha mwaka 2009, walikuta wastani wa marudio 32 ya kazi za mkono kwa kikao kimoja. Majaribio ya wanyama yaliyoleta mabadiliko kwenye ubongo yalikuwa na mamia kwa siku. Kliniki haitoshi kokote, sembuse kwetu, ambako nauli ya kuifikia humshinda mgonjwa. Dozi iko nyumbani, na hapo ndipo upendo wetu unapoharibu: binti anamlisha baba, mke anamvisha mume. Mwanasaikolojia Edward Taub alieleza jinsi mkono usiotumika unavyojifunza kutotumika. Mgonjwa akiachwa dakika kumi apambane na vifungo vyake, asionewe huruma ya haraka.

Jaribio la EXCITE, lililochapishwa mwaka 2006 kwa wagonjwa 222 wa Marekani, lilitokana na wazo hilo la Taub. Mkono mzima ulivishwa glovu nzito kwa wiki mbili, na ule dhaifu ukafanyishwa kazi. Wote walikuwa wamepita miezi mitatu hadi tisa tangu kiharusi. Waliovishwa glovu walipata nafuu zaidi kuliko waliobaki na huduma ya kawaida, na tofauti hiyo ilidumu walipopimwa baada ya mwaka. Sharti la kuingia lilikuwa mgonjwa aweze kuinua kifundo cha mkono na kunyoosha vidole, japo kwa nyuzi chache. Kwa hiyo mwenye mgonjwa aliyekwisha ondolewa kwenye orodha ya kliniki amlaze kiganja mezani leo jioni, amwombe ainue vidole. Vikipanda hata kidogo, arudi naye tumpime upya.