Binti Asiyeulizwa Jina Lake





Filamu ya Bakhita, iliyoongozwa na Giacomo Campiotti huko Italia mwaka 2009, imebadilisha mambo kadha wa kadha ya familia ambayo mtakatifu huyu aliitumikia. Hilo tunalisamehe, ndivyo filamu zilivyo. Kiini chake ni kweli. Binti wa Darfur alitekwa angali mtoto, akauzwa mara kadhaa, akachanjwa mwili kwa wembe na chanjo zikatiwa chumvi. Kwa hofu alisahau hata jina alilopewa na wazazi. Watekaji ndio waliomwita Bakhita, yaani mwenye bahati. Mwaka 1885 alifikishwa Italia, akawa yaya katika nyumba ya akina Michieli. Bibi yake alipotaka kumrudisha Afrika, alikataa kuondoka kwa masista Wakanosa wa Venice. Tarehe 29 Novemba 1889 ikaamuliwa kuwa yu huru, kwani sheria ya Italia haikutambua utumwa. Bibi yule hakuwa katili; alimpenda kwa namna yake, ila alimhesabu kuwa mali yake.

Hapo ndipo filamu inapobisha hodi kwetu. Pamba isipolipa, mabinti wa Itilima, Meatu na Maswa hupandishwa basi kwenda Mwanza au Dar es Salaam kwa ahadi ya cherehani. Wengine hawafiki huko: wamo humu humu Bariadi, katika nyumba za Wakristo wenzetu. Huamka wa kwanza na kulala wa mwisho, na mshahara hupelekwa kwa baba, wao wasiuone. Tunawaita "dada", neno zuri kabisa. Tukiulizwa jina lao la ubatizo, twababaika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilikataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Je, tumewahi kuwauliza umri?

Tarehe 8 Februari ni sikukuu ya Bakhita, na tangu mwaka 2015 Kanisa huwaombea siku hiyo wanaosafirishwa na kuuzwa. Kabla ya siku hiyo, tunaomba kila jumuiya iandike majina ya mabinti wanaotumika katika nyumba zake, umri wao, kijiji walikotoka, na ni nani anayepokea mshahara. Aulizwe binti mwenyewe, mama mwenye nyumba akiwa chumba kingine.