Kiatu Kikavu Kwanza, Kung'aa Baadaye

Hotuba iliyotolewa mjini Eldoret na mkufunzi mstaafu wa jeshi kwa maafisa wa utekelezaji sheria wa kaunti, wazima moto na wafanyakazi wa barabara, katika matayarisho ya msimu wa mvua ndefu. Tumeichapisha kwa manufaa ya wafanyakazi wote na wananchi wanaovaa buti za ngozi kazini.

 

Nimeitwa nizungumzie buti za kijeshi: jinsi ya kuzipiga kiwi na jinsi ya kuzizuia zisiingize maji. Hayo ni mambo mawili, si moja. Shida nyingi za miguu wakati wa mvua hutokana na kuyachukua kama jambo moja. Kiwi huleta mng'ao, na mng'ao ni heshima. Simwambii mtu yeyote auache. Lakini afisa anaweza kusimama kwenye gwaride saa mbili asubuhi buti zake ziking'aa kama kioo, na kufikia saa nne soksi zikawa zimelowa chepechepe, kwa sababu mshono wa pembeni umefunguka na hakuna aliyeutazama.

Kwa hivyo nina mafunzo kwenu mnaovaa buti, na ombi moja kwa wanaowasimamia. Ombi nitaliweka mwisho. Tuanze na ngozi yenyewe.

Sisi wa Uasin Gishu tuna uhusiano wa zamani na ngozi. Wakubwa kati yenu mnaikumbuka kampuni ya EATEC na mashamba yake makubwa ya miwati. Gome la mwati lilitolewa dawa ya kugeuza ngozi mbichi, ambayo ingeoza, ikawa ngozi ya kudumu. Siku hizi viwanda vingi hutumia chumvi za kromu, lakini kusudi ni lile lile. Baada ya hapo ngozi hulishwa mafuta. Ukiichunguza kwa ndani, ngozi ni nyuzi nyingi zilizosokotana, na mafuta ndiyo huziwezesha kuteleza kila unapokunja mguu. Mafuta yakiisha, nyuzi husuguana na kukatika. Ile mipasuko mnayoiona pale vidole vinapokunjika si uzee wa kiatu tu; mara nyingi ni njaa ya mafuta.

Ngozi pia ina vitundu vidogo vinavyopitisha mvuke wa jasho. Hapo ndipo buti ya ngozi inapoishinda gambuti kwa anayetembea siku nzima. Gambuti haiingizi maji, lakini jasho nalo halipati pa kutokea. Basi lengo letu si kuifunga ngozi kabisa. Lengo ni maji ya mvua yasiingie, na jasho liendelee kutoka.

Maji huingilia wapi? Mengi hayapiti katikati ya ngozi. Hupitia pale ngozi inapokutana na soli. Hupitia kwenye matundu ya sindano yaliyo kwenye mishono. Hupitia pembeni mwa ulimi wa kiatu na kwenye matundu ya kamba. Na mengine huingilia juu kabisa, kwenye shingo ya buti, ukikanyaga dimbwi refu kuliko kiatu chako. Dimbwi hilo hakuna dawa yake ila kulizunguka. Njia hizo nyingine zote zina dawa.

Sasa tuingie kazini. Usafi ndio hatua ya kwanza. Toa kamba, fungua ulimi vizuri, na utoe soli ya ndani kama inatoka. Ondoa matope kwa brashi, hasa kwenye mfereji unaozunguka soli, kisha pangusa kwa kitambaa kilicholowa kidogo na sabuni laini kidogo. Usiitumbukize buti kwenye karai la maji kama unavyofua suruali. Ukiona mistari myeupe kwenye ngozi, hiyo mara nyingi ni chumvi ya jasho. Ipanguse mpaka iishe, kwa sababu kuipaka kiwi juu yake ni kuificha tu.

Hatua ya pili ni kukausha, na hapa ndipo buti nyingi hufia. Mtu amerudi nyumbani usiku, amelowa, na kesho yuko zamu ya asubuhi. Anaweka buti karibu na jiko la makaa, na asubuhi zimekauka kweli, ila zimekuwa ngumu kama ubao. Joto kali huinyausha ngozi iliyolowa, huikausha mafuta yake na hulegeza gundi ya soli. Jua la saa sita na injini ya gari iliyo moto huharibu vilevile. Njia salama ni kujaza magazeti makuukuu ndani, kuyabadilisha yakishanyonya maji, na kuweka buti kivulini penye upepo, zikilala ubavu ili soli nayo ipate hewa. Buti iliyolowa sana huhitaji siku moja au mbili. Ndiyo maana mtu wa kazi ya mvua anahitaji jozi mbili, moja ikivaliwa na nyingine ikipumzika.

Hatua ya tatu ni kuzuia maji. Tafuta mafuta ya ngozi yenye nta, yale mazito yanayouzwa kwenye mikebe. Kwa asili hutengenezwa kwa nta, mafuta na shahamu ya wanyama. Jirani zetu wa Baringo, wanaofuga nyuki, wanajua kwamba nta ya nyuki na maji havipatani, na hiyo ndiyo siri yake yote. Buti ikiwa kavu kabisa, chukua mafuta kidogo kwa kidole na uyasugue mpaka yapate joto la mkono. Anza na mshono unaozunguka soli, kisha mishono mingine yote, kisha pembeni mwa ulimi, ndipo umalizie ngozi iliyobaki. Tumia kidogo. Ukizidisha, ngozi inalegea, vitundu vyake vinaziba na vumbi linashika. Acha usiku kucha, na asubuhi pangusa yaliyobaki juu.

Kipimo chake ni rahisi. Dondosha tone la maji kwenye ngozi. Likisimama kama shanga na kuteleza, kazi imekubali. Likinywewa na kuacha doa jeusi, rudia. Wakati wa mvua fanya kipimo hiki kila wiki.

Hatua ya nne ndiyo kiwi. Neno hili tumelizoea hata tunaliita kila mkebe wa rangi ya viatu, lakini lilianza kama jina la bidhaa moja. William Ramsay aliianzisha Melbourne, Australia, mwaka 1906, na akaipa jina la ndege wa New Zealand, nchi ya mkewe. Vita Kuu ya Kwanza vilipoanza, wanajeshi waliieneza duniani. Ndani yake mna nta, rangi, na kimiminika kinachoshika moto haraka. Nta hiyo husaidia maji yateleze, lakini ni utando mwembamba juu ya ngozi. Haizibi mshono.

Paka kiwi kidogo kwa kitambaa, kwa mizunguko midogo. Ngoja kama dakika kumi ikauke. Piga brashi, kisha kitambaa kikavu. Ukitaka kioo, rudia kwa pamba na tone la maji baridi, utando juu ya utando, bila pupa. Kioo hicho kiweke kwenye ncha na kisigino tu, kwa sababu huko ngozi haikunjiki. Ukikiweka pale vidole vinapokunjika, kitapasuka hatua ya kwanza utakayopiga. Na mkumbuke kwamba siku mbili tatu baada ya kupaka mafuta ya nta, buti haitang'aa sana. Msimamizi akiuliza, mwambie kwa heshima kwamba imetiwa mafuta.

Sasa makosa ninayoyaona mara kwa mara. Kuna wanaowasha kiwi kwa kiberiti ili iyeyuke. Acheni. Mkebe ule unaweza kulipuka ghafla ukauma mkono au uso. Ukishashika moto, ufunike kwa kifuniko ukose hewa, wala usiumwagie maji. Kuna wanaopaka dizeli au oili chafu ya gari. Maji yatateleza siku mbili, ni kweli, lakini gundi ya soli italegea, na ngozi ya mguu wako itakaa ndani ya uchafu huo kutwa. Mafuta ya kupikia huchacha na kuvutia ukungu. Ile sponji ya kung'arisha haraka inafaa ukiitwa mkutanoni ghafla, lakini hailishi ngozi.

Si kila buti inapigwa kiwi. Buti za ngozi ya manyoya, zile za rangi ya mchanga, hupigwa brashi kavu tu na kupulizwa dawa ya kuzuia maji iliyotengenezwa kwa ajili yake. Na ninyi wazima moto, buti zenu za kuingilia kwenye moto msizipake nta wala mafuta yanayowaka. Fuateni maelekezo ya aliyezitengeneza, kwa sababu hapo kinga ya maji inaweza kuwa kuni.

Mshono ukifunguka au soli ikiachana na ngozi, hakuna mafuta yatakayokuokoa. Mpelekee fundi viatu siku hiyo hiyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta: mshono wa kidole kimoja leo ni soli nzima wiki ijayo.

Ndugu zangu, kwa nini tujisumbue hivi kwa ajili ya kiatu? Kwa sababu ya kilicho ndani yake. Mguu unaokaa umelowa kwa saa nyingi mfululizo hufa ganzi, hupauka, huvimba, kisha ngozi hubambuka. Watu hudhani ni lazima kuwe na theluji. Si lazima. Huweza kutokea hata kwenye nyuzijoto 15, na sisi tuko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako usiku wa mvua huwa baridi kuliko hapo. Ongeza maji ya mafuriko kando ya Mto Sosiani, yaliyochanganyika na ya mitaro. Ngozi iliyopasuka ni mlango wa vidudu. Kwa mwenzetu mwenye kisukari, kidonda kidogo cha mguu kinaweza kuishia kwenye kukatwa mguu.

Majeshi yalijifunza hili kwa gharama kubwa. Katika majira ya baridi ya 1914 na 1915, jeshi la Uingereza lilitibu wanajeshi zaidi ya 20,000 kwa maradhi haya ya miguu iliyolowa kwenye mahandaki ya Ufaransa na Ubelgiji. Kilichopunguza balaa hilo hakikuwa mng'ao wa viatu. Yaliwekwa masharti: soksi kavu zibadilishwe, askari wakaguane miguu wawili wawili, na afisa awajibike kwa miguu ya watu wake. Kikosi kilichokuwa na wagonjwa wengi, mkuu wake aliulizwa.

Hilo ndilo somo langu la leo. Kwa hivyo, kila mmoja wenu abebe soksi za pili ndani ya mfuko wa plastiki. Badilisheni saa sita mchana, mkaushe katikati ya vidole. Soksi ya sufu ni bora kuliko ya pamba, kwa sababu pamba ikilowa hubaki imelowa. Usilale na buti miguuni. Ukiona ganzi au rangi isiyo ya kawaida, usisugue wala usichome kwa moto. Kausha, pasha joto polepole, na uende zahanati.

Sasa ombi langu kwa wasimamizi. Mnapokagua buti asubuhi, msiishie kwenye ncha. Mwambie afande aigeuze buti. Tazama soli. Pitisha kidole kwenye mshono. Ingiza mkono ndani uone kama kuna unyevu. Aliyetoka zamu ya usiku mvuani mpe muda wa kukausha kabla ya kumrudisha nje. Tengeni kona moja kila kituo, kivulini, penye kamba za kuanikia na magazeti makuukuu. Jambo hilo halihitaji bajeti kubwa. Linahitaji mtu wa kulifuatilia. Mkikagua kung'aa peke yake, mtapewa kung'aa peke yake, kwa sababu watu hutengeneza kile kinachokaguliwa.

Na ninyi vijana mnaojitayarisha kwenda kujiunga na makurutu pale Moi Barracks, mtafundishwa kupiga kiwi mpaka usiku wa manane. Jifunzeni kwa moyo. Mtu anayeweza kukaa na buti moja kwa subira ya saa nzima ataweza kukaa na kazi ngumu zaidi. Ila subira hiyo ianze kwenye mshono na soli, ndipo ifike kwenye ncha.

Mvua zinakuja. Leo jioni kila mmoja atoe kamba za buti zake, azigeuze, na atazame mishono. Fundi viatu bado ana nafasi wiki hii. Mvua ikishaanza, foleni yake itakuwa ndefu.