Kupima Umeme wa Taa za Tyubu kwa Usalama



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi yangu ya umeme. Nimechagua choki ya taa ya tyubu, kwa kuwa vijana wengi huanzia ufundi hapo. Mkutano wa Mkataba wa Minamata wa mwaka 2023 ulikubali kukomesha utengenezaji wa tyubu hizi ifikapo 2027, lakini zilizokwisha kufungwa bado zitahitaji fundi.

Kazi ya choki ni kuzuia mkondo usipande ovyo. Tyubu ya wati 36 kwenye umeme wa volti 230 hupitisha kiasi cha ampea 0.43. Msiudharau mkondo huo. Swichi ya kukinga uhai hukata umeme ukivuja ampea 0.03 tu.

Volti hupimwa kwa kugusisha mita pande mbili za kifaa; mkondo hupimwa kwa kuupitisha ndani ya mita. Kijana akisahau waya wa mita kwenye tundu la ampea, kisha akagusa laini na nyutro, amepiga shoti mkononi mwake. Kwa hiyo napendelea mita ya kubana, ambayo hubana waya mmoja bila kuukata. Kama ni lazima kufungua nyaya, zima swichi kuu, hakikisha hakuna umeme, unga mita, ondoa mikono, ndipo uwashe. Wakati taa inajiwasha usiguse kitu: stata ikiachia, choki hurusha volti mia kadhaa, pengine kupita 1,000.

Taa ikiwaka, mtasoma karibu volti 100 kwenye tyubu na karibu 200 kwenye choki. Jumla yapita 230! Mita si mbovu. Mawimbi hayo mawili hayafiki kileleni kwa wakati mmoja.

Choki za elektroniki ni jambo jingine. Upande wa tyubu umeme wake hubadilika zaidi ya mara 20,000 kwa sekunde, na mita iliyotengenezwa kwa mawimbi 50 hudanganya. Ikisoma kidogo, msidhani pana usalama. Pimeni upande wa kuingilia tu.

Ndugu Mwenyekiti, vijana hawa wanajifunza kwa mikono yao. Naomba chama chetu kiinunulie karakana ya shule mita za kubana. Ya kwanza nitaitoa mimi.