Hasara ya Nafaka Kando ya Mto Lhubiriha



Mto Lhubiriha si mto mkubwa. Upande huu ni Mpondwe, mwendo mfupi tu kutoka Bwera. Ng'ambo ya daraja ni Kasindi, katika nchi ya Kongo. Pande zote mbili hulimwa mahindi, na wakulima husikilizana kwa lugha, kwani Wakonzo wa Uganda na Wanande wa Kongo ni ndugu. Milima ni ile ile ya Ruwenzori. Hata hivyo nafaka hupotea kwa njia tofauti katika nchi hizi mbili, na tofauti hiyo inamhusu askari kuliko inavyodhaniwa.

Wilaya ya Kasese hupata misimu miwili ya mvua kwa mwaka. Kuvuna mara mbili ni neema, walakini neema hiyo ina gharama yake: mavuno ya kwanza hayajakauka, mvua za pili zimekwisha kuingia. Hindi litokapo shambani laweza kuwa na unyevu wa asilimia 20 au zaidi, ilhali kiwango cha Afrika Mashariki hakiruhusu kupita asilimia 13.5. Likianikwa juu ya udongo mtupu, kisha likatiwa ghalani lingali bichi, hushikwa na ukungu, na ukungu huweza kuzaa sumu iitwayo aflatoksini. Sumu hiyo haionekani kwa macho, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2004 watu 125 walikufa mashariki mwa Kenya kwa kula mahindi yaliyoingiwa na sumu hiyo. Mwezi Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu hiyo hiyo, ikalegeza amri baada ya siku chache kwa sharti la cheti cha upimaji. Fukusi nao hula sehemu yao, na ndovu wa hifadhi ya Malkia Elizabeth hawangoji hata mavuno.

Hasara ya namna hii inazuilika. Kati ya 2013 na 2014 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilifanya majaribio na wakulima wapatao 400 wa Uganda na Burkina Faso. Nchi hizo hazifanani: Burkina Faso ina msimu mmoja wa mvua, huvuna wakati wa kiangazi, na adui wake mkubwa ni wadudu wa ghalani. Wakulima wa nchi zote mbili walifundishwa kukausha nafaka vizuri na kuihifadhi katika vyombo visivyopitisha hewa, na hasara ikapungua kwa takriban asilimia 98. Viongozi wa Afrika, walipokutana Malabo mwaka 2014, waliahidi kuipunguza hasara ya baada ya mavuno kwa nusu ifikapo 2025. Mwezi Januari wa mwaka huo wa 2025 walikutana Kampala, wakaweka tena lengo la nusu, safari hii hadi 2035!

Ng'ambo ya mto mambo ni mengine. Katika eneo la Beni, tangu mauaji ya mwaka 2014, waasi wa ADF wamewaua wakulima wengi, baadhi yao wakiwa shambani. Serikali ya Kongo iliiweka Kivu ya Kaskazini na Ituri chini ya utawala wa kijeshi mwezi Mei 2021, na tarehe 30 Novemba mwaka huo majeshi ya Uganda yaliingia kusaidiana na yale ya Kongo. Mkulima aliyekimbilia mjini huliacha hindi limesimama shambani. Nyani hula, mvua huozesha, na mwenye bunduki huvuna asichokipanda.

Hapo ndipo hesabu za wataalamu zahitaji kusomwa kwa uangalifu. Hasara ya baada ya mavuno hupimwa kwa asilimia ya kile kilichovunwa. Shamba lililotelekezwa halina mavuno, basi halimo katika hesabu hiyo. Kwa hiyo nchi yenye vita yaweza kuonekana katika jedwali kuwa sawa na jirani yake, au hata kumpita kwa uhodari, huku watu wake wakilala na njaa.

Wala upande wa Uganda haukusalimika. Mwezi Novemba 1996 waasi hao walishambulia Mpondwe na Bwera, na usiku wa tarehe 16 Juni 2023 waliua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi, katika shule ya sekondari ya Lhubiriha. Doria inayolinda njia ya kwenda shambani katika wiki za mavuno huokoa magunia ambayo hakuna chombo kitakachoyaokoa. Kinyume chake, lori la mahindi yenye unyevu likizuiliwa siku tatu kwenye kizuizi cha barabarani bila sababu ya maana, nafaka hupata joto chini ya turubai na kuharibika. Na hasara hiyo huletwa na mtu aliyevaa sare.

Posho ya kambini nayo hutokana na mahindi hayo hayo. Mtunza ghala asiye na kipimo cha unyevu aweza kutia mahindi machache na chumvi kavu, kwa mfano ile ya Katwe iliyosagwa na kukaushwa vizuri, ndani ya chupa ya kioo iliyo kavu, kisha aitikise kwa dakika chache. Chumvi ikigandama kwenye kioo, mahindi yana unyevu unaozidi asilimia 15, na gunia hilo lirudishwe juani kabla ya kupokelewa.