Umeme Mdogo wa Maji: Leseni Imeondolewa, Vibali Vimebaki



Abiria wa Reli ya Kati apitaye Gulwe wakati wa kiangazi huona mto Kinyasungwe ukiwa mchanga mtupu. Lakini mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko yalizoa njia ya reli kati ya Kilosa na Gulwe, na treni zikasimama kwa miezi. Mwananchi ana haki ya kuuliza: mbona nguvu hiyo yote haiwashi hata taa ya shule?

Zamani kikwazo kilikuwa sheria. Umeme wa nchi hii uliongozwa na sheria ya kikoloni ya 1931 mpaka ilipotungwa Sheria ya Umeme ya 2008. Sheria hiyo iliusamehe leseni mtambo usiofikia megawati 1. Tangu 2009 upo pia mkataba wa mfano ambao kwa huo TANESCO hununua umeme wa wazalishaji wadogo, wasiozidi megawati 10. Mtambo wa Mwenga, Mufindi, wenye megawati 4, ulianza kazi 2012. Huiuzia TANESCO na huwasha vijiji vya jirani.

Hata hivyo, kusamehewa leseni si kusamehewa vibali. Maji yana kibali cha bodi ya bonde, ambayo kwa Gulwe ni ya Wami/Ruvu. Mazingira yana chake, na ardhi ya kijiji ina utaratibu wake. Makaratasi ya mtambo wa kilowati 50 hayapungui kwa kadiri mtambo ulivyo mdogo. Kampuni huajiri wakili. Kijiji humtegemea mtendaji wake, ambaye ana kazi nyingine tele. Hapo ndipo wataalamu wa serikali wangepunguza mzigo.

Kibali cha maji chenyewe kisiguswe. Sheria ya maji ya 2009 hutanguliza mahitaji ya binadamu, kisha mazingira, na katika nchi kavu kama Ugogo hiyo ni haki tupu. Tena ukweli usemwe: hakuna kibali kitakachoufanya mchanga uzungushe mtambo, na bwawa katika mto wa namna hiyo hujaa tope. Umeme mdogo wa maji hutaka mto utiririkao mwaka mzima na mteremko mkali, kama ilivyo Mufindi.

Msamaha wa leseni, lakini, hauhusu maji peke yake. Mtambo wa jua nao umo. Kwa shule za Gulwe, hesabu ingeanzia hapo.