Neno «Want» na Asili Yake

Leo nitasema nanyi juu ya kitendo kimoja cha Kiingereza ambacho kila mtoto hufundishwa mwanzo wa masomo yake, nacho ni «want». Mwalimu husema, «Maana yake ni kutaka», watoto huandika, na tangu siku ile hakuna aulizaye tena habari zake.

Mwanafunzi mmoja aliniletea karatasi aliyofasiri hotuba ya Rais Roosevelt wa Marekani, ya tarehe 6 Januari, 1941. Rais alitaja mambo manne yawapasayo watu wote wa ulimwengu: uhuru wa kusema, uhuru wa kumwabudu Mungu kila mtu kwa njia yake, na wa mwisho uhuru wa kutoogopa. Ule wa tatu, wenye neno letu hili, kijana aliufasiri «uhuru wa kutotaka kitu». Nikamwuliza, «Je, wadhani Rais aliwahubiria watu waache tamaa?» Akajibu, «Ndiyo, mwalimu, kama walii aliyeiacha dunia.» Sikumcheka, maana aliifuata kamusi yake sawasawa. Lakini maneno aliyapindua juu chini. Rais hakuwaambia wenye njaa wasitake chakula. Alisema ni haki yao wasikikose.

Asili ya neno hili si kutaka, bali ni kukosa, kupungukiwa. Tena Waingereza walilipata kwa wageni. Katika karne ya 9 watu wa kaskazini, wa Denmark na Norway, walivuka bahari kwa merikebu wakaipiga Uingereza, kisha wengi wakakaa huko wakalima na kuoa. Wao walisema «vanta», yaani kupungukiwa, na kufika mwaka 1200 hivi neno lile lilikuwa limekwisha ingia katika Kiingereza. Lina ndugu yake, «wane», litumikalo hata leo kwa mwezi unaopunguka.

Basi, kukosa kulizaaje kutaka? Aliyekosa chumvi huihitaji, na aihitajiye huitaka. Maana ilikwenda hatua hizo polepole, hata katika karne ya 18 ndipo ile ya kutaka ilipozoewa. Nasi tuna neno la namna hiyo: «haja» ni upungufu, na ni ombi la moyo pia.

Maana ya kale haikufa. Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, msomaji wa Zaburi ya 23 aweza kudhani Daudi asema hataki kitu, kumbe asema hatapungukiwa. Na neno hili likiwa jina, si kitendo, mara nyingi ni dhiki. Mwaka 1942 Sir William Beveridge aliitolea serikali ya Uingereza taarifa, akataja majitu matano yaliyoziba njia: Dhiki, Maradhi, Ujinga, Uchafu na Kukaa Bila Kazi. Jitu la kwanza kwa Kiingereza ni «Want». Ukiliita Tamaa, utadhani maskini wa Uingereza walikemewa kwa uroho, hali taarifa yenyewe ilitaka walipwe fedha za kuwasaidia wakiugua, wakizeeka au wakikosa kazi.

Yule kijana alifuta mstari wake, akaandika «uhuru wa kutopungukiwa». Kisha akaniuliza kama kamusi yake ni mbovu. Nikamwambia aisome hata mwisho wa ukurasa, maana ile maana ya kukosa imo, chini kabisa.