Kitindamlo cha Limau Bila Sukari kwa Mgonjwa wa Kisukari

Kama una kalamu na karatasi, viweke karibu, maana leo tunaingia jikoni. Moto hatutauwasha, kwa hivyo makaa yako yatasalimika.

Nianze na shangazi yangu wa Machakos. Alikuwa fundi wa keki ya limau, ile ya kuoka ndani ya sufuria, makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Kisha akaambiwa kliniki kwamba ana ugonjwa wa kisukari, na kwamba kile kidonda cha kidole cha mguu hakitapona vizuri iwapo sukari ya damu itabaki juu. Watoto wake waliondoa sukari nyumbani siku ile ile. Shangazi alivumilia majuma mawili, halafu akaanza kusukuma sahani kando. Akaniambia, "Mwanangu, mmeninyima kila kitu. Sasa nile nini cha kunifurahisha?"

Binti yake alimwonea huruma, akamtafutia asali safi kutoka Kitui. Ikawa chai kwa asali, uji kwa asali. Sukari ya damu ikakataa kushuka na kidonda kikabaki wazi.

Hapo ndipo akina mama wengi hukosea, na hukosea kwa upendo. Asali ni kitu cha asili, lakini ni sukari. Kijiko kikubwa cha asali kina karibu gramu 17 za sukari, na kijiko hicho hicho cha sukari nyeupe kina karibu gramu 12, kwa sababu asali ni nzito zaidi. Sukari nguru ni hivyo hivyo. Maji ya matunda yaliyokamuliwa pia hupandisha sukari haraka, hata kama umeyakamua mwenyewe, kwa kuwa glasi moja hubeba machungwa kadhaa na makapi yake umeyatupa.

Sukari inapokuwa juu kwa muda mrefu, damu haifiki vizuri miguuni, na chembechembe za damu zinazopigana na viini hufanya kazi kwa unyonge. Mishipa ya fahamu nayo hufa ganzi, mtu akakanyaga msumari asisikie. Ndiyo maana kidonda kidogo cha mgonjwa wa kisukari kinaweza kufika mahali pa kukatwa mguu. Kwa hivyo tunapozungumza juu ya kijiko cha asali, tunazungumza juu ya mguu wa mtu.

Lakini shangazi naye alikuwa na haki. Mtu anayeuguza kidonda anahitaji kula, na chakula kisicho na raha hakiliki. Basi tukamwandalia kitindamlo, yaani kile chakula kidogo cha kumalizia mlo, kwa limau lile lile alilolipenda.

Andika sasa. Maziwa lala yasiyotiwa sukari, nusu lita. Limau moja, wengine mnaliita ndimu, ingawa watu wa Pwani watatuambia ndimu ni ile ndogo ya kijani. Yote mawili yanafaa. Papai lililoiva, vipande vya kujaa nusu kikombe. Mdalasini wa unga kidogo, na punje mbili za iliki ukiwa nazo. Njugu karanga zilizokaangwa bila sukari, konzi moja.

Soma pakiti kabla ya kulipa. Yoghati nyingi za dukani zenye picha ya matunda zimetiwa sukari. Kama unagandisha maziwa yako mwenyewe, yachemshe kwanza, yapoe, ndipo uyagandishe.

Tandika kitambaa safi cha pamba juu ya bakuli, mimina maziwa lala, funga ncha na ukining'inize saa tatu hadi nne, kimefunikwa nzi wasitue. Maji yatachuruzika na kitabaki kitu kizito, cheupe, laini. Maji hayo yana sehemu ya sukari ya asili ya maziwa, kwa hivyo usimpe mgonjwa. Wape walio wazima au kandia chapati za watoto.

Sasa limau. Lioshe vizuri na ulikaushe. Chukua kile kifaa cha kukwaruzia karoti, upande wa matundu madogo, ukwaruze ganda la nje tu. Ukifika kwenye nyeupe, simama, maana nyeupe ni chungu. Harufu yote ya keki ya shangazi ilikuwa kwenye ganda hili, na wengi wetu hulitupa. Kisha likate, ukamue kijiko kikubwa kimoja cha maji yake.

Changanya maziwa mazito na ganda, maji ya limau, mdalasini na iliki iliyotwangwa. Koroga mpaka yalainike. Weka papai chini ya vibakuli viwili, pakua maziwa juu, nyunyiza njugu zilizopondwa. Hapo umepata sehemu za watu wawili. Kama huna friji, yaliwe siku hiyo hiyo.

Mpe mgonjwa kibakuli kimoja baada ya chakula cha mchana, mahali pa tunda lake la siku hiyo, si juu ya tunda na mandazi. Papai na maziwa vina sukari yao ya asili, na kiasi ni muhimu.

Shangazi alipoonja mara ya kwanza alikunja uso, akauliza kama ni dawa ya mafua. Siku ya nne aliuliza mbona kibakuli chake kimechelewa. Ulimi huzoea, lakini huhitaji majuma machache, kwa hivyo usikate tamaa siku ya kwanza.

Nitahadharishe kidogo. Maziwa na njugu hutoa protini, na limau na papai hutoa vitamini C. Mwili huvitumia kujenga nyama mpya. Lakini limau halitibu kisukari. Vidonge au insulini viendelee kama daktari alivyoagiza, na msipake limau kwenye kidonda. Mgonjwa wa figo aliyepunguziwa maziwa, papai au njugu aulize kliniki kwanza. Mwenye vidonda vya tumbo au vya mdomo, limau litamchoma.

Na jambo hili, mama, liandike kwa herufi kubwa: usiondoe sukari yote nyumbani. Mgonjwa anayetumia insulini au vidonge fulani anaweza kushukiwa na sukari ghafla. Utamwona anatoka jasho, anatetemeka, anaongea mambo yasiyoeleweka. Wakati huo kitindamlo chetu hakimsaidii. Koroga vijiko vidogo vitatu au vinne vya sukari kwenye maji, umpe mara moja. Ngoja dakika 15. Kama hajapata nafuu, rudia. Akishatulia, mpe chakula. Akiwa amezimia, usimtie kitu chochote mdomoni. Mlaze kwa ubavu na utafute gari la kumfikisha hospitali. Kwa shangazi, mkebe wa sukari ulirudishwa kabatini, na kila mtu wa nyumba, hata mjukuu wa darasa la nne, anajua ni wa kazi gani.

Kidonda kilichukua miezi kufunga, kwa dawa, kwa kuoshwa na nesi, na kwa chakula kilicholika. Juma lijalo tutazungumza juu ya kukagua miguu kila jioni, hivyo mtafute kioo kidogo cha mkononi kabla ya hapo. Kwaherini.